Mkono Usioacha Alama

Kidude chenyewe ni kisahani cha chuma cha pua, upana milimita 20, unene milimita 3.2. Ukikikuta mezani utadhani kimechomolewa kwenye rimoti ya gari, na kwa umbo hutakuwa umekosea. Lakini hiki hakikutoka kiwandani. Kimefungwa kwa mkono na mtu mwenye shahada ya uzamivu, ambaye amekwisha kufunga mamia ya namna hiyo na leo asubuhi anafunga vingine sita. Wenyewe wanakiita seli ya sarafu. Ndani yake mna unga mweusi wa miligramu kumi hivi, haujai hata ncha ya kijiko cha chai. Kwa ajili ya miligramu hizo kumi mtu ameaga kwao, mara nyingi amevuka bahari, akakubali mkataba wa mwaka mmoja unaoweza kuongezwa mpaka ufike mitatu.

Mtu huyo ni mtafiti wa baada ya uzamivu. Neno ni refu, na maabarani humwita postidoki tu. Si mwanafunzi tena, wala hajawa bwana wa maabara yake. Kwa lugha ya karakana zetu, uanagenzi ameumaliza, ila duka hajafungua.

Mimi si mkemia. Ni mtu wa kupenda mafundi, ninayeweza kusimama nusu siku kumtazama fundi cherehani akinyoosha mshono. Kazi ya watu hawa wa betri nimeifuata kwa kusoma, hasa zile kurasa za taratibu ambazo wasomaji wengi huziruka, pale wanapoeleza walichanganya nini, kwa kiasi gani, kwa joto gani, kwa saa ngapi. Ufundi umelala humo, umeandikwa kwa sentensi kavu kiasi kwamba ni rahisi kuupita bila kuusalimu.

Marekani ina maabara za taifa 17 chini ya Wizara yake ya Nishati. Nitakaa na moja tu, Argonne, iliyoko Lemont, jimbo la Illinois, mwendo wa kilomita 40 hivi kutoka katikati ya Chicago. Ndiyo ya kwanza kupewa jina hilo la maabara ya taifa, tarehe 1 Julai 1946, na mizizi yake ni lile tanuri la atomi ambalo Enrico Fermi na wenzake waliliwasha Desemba 1942 chini ya jukwaa la uwanja wa michezo wa Chuo Kikuu cha Chicago. Kwa miaka mingi eneo hilo lilisifika pia kwa swala wake weupe waliotembea kati ya majengo. Leo, mbali na mambo ya atomi, hapo ni mojawapo ya mahali pakubwa pa kutafiti betri duniani.

Turudi kwenye kisahani chetu. Kinafungwa ndani ya sanduku la chuma lenye kioo mbele na jozi ya glavu nene za mpira zilizoshikizwa kwenye matundu mawili. Ndani hamna hewa hii tunayoivuta. Mna argoni, gesi isiyoshirikiana na kitu chochote, na mvuke wa maji na oksijeni vinatakiwa visifikie hata sehemu moja katika milioni. Sababu ni lithiamu. Ni metali laini, inakatika kwa kisu kama siagi iliyotoka kwenye friji, lakini ikikutana na unyevu uso wake unachafuka pale pale. Ile chumvi iliyoyeyushwa ndani ya elektroliti, kimiminika cha betri, nayo ina fosforasi na florini, na ikionja maji inazaa asidi ya haidrofloriki, ile inayokula kioo.

Kila kinachoingia hupitia chumba kidogo cha pembeni. Hewa inafyonzwa, argoni inajazwa, inafyonzwa tena, inajazwa tena, mara tatu. Umesahau koleo nje? Anza upya. Ndiyo maana mkongwe wa kazi hii utamtambua hata kabla hajaingiza mikono: amesimama mbele ya sanduku, kimya, anahesabu kichwani kila atakachohitaji. Glavu zenyewe ni saizi moja kwa wote. Mwenye vidole vyembamba hujifunza kushika kitu chepesi kuliko ganda la kitunguu akiwa ndani ya vidole vya jitu.

Kikombe cha chini kinalazwa. Juu yake kisahani cha kathodi, kile kilichopakwa ule unga, uso mweusi ukitazama juu. Matone machache ya elektroliti kwa pipeti. Utando wa plastiki, mwembamba kuliko karatasi ya gazeti, wa kutenganisha pande mbili. Gasketi. Kiduara cha lithiamu kilichokwanguliwa mpaka king'ae. Kisahani kingine cha chuma, springi, kifuniko, kisha mashine ya kubana. Kwa mkono uliozoea ni kazi ya dakika chache. Lakini utando ukipata mkunjo mmoja, seli imeharibika. Povu la hewa likibaki chini ya utando, imeharibika. Lithiamu ikisogea nusu milimita kutoka katikati, ukingo wa kathodi utakosa mwenzake wa kutazamana naye na namba zitapinda. Na koleo liwe la plastiki, kwa maana koleo la chuma likigusa juu na chini kwa pamoja, umeme unapita njia ya mkato na seli inakufa kabla ya kuzaliwa.

Ubaya ni kwamba seli iliyoharibika hivyo haipigi kelele. Inawekwa kwenye mashine ya kuchaji pamoja na wenzake, inafanya kazi, inatoa namba. Namba mbaya, lakini zenye sura ya namba nzuri. Mtafiti mchanga atazitazama aseme unga wake mpya haufai, au, jambo la hatari zaidi, aseme ni wa ajabu. Kwa hiyo kila unga hufungiwa seli tatu kwa uchache, na mistari yake huchorwa kwenye grafu moja. Mistari ikiachana kama vidole vya mkono, usimwamini hata mmoja wao. Ikilala juu ya mwenzake mpaka ukadhani ni mstari mmoja, hapo postidoki hupumua, kwa sababu sasa anajua kwamba anachokiona kinatoka kwenye unga na si kwenye vidole vyake.

Jambo hili limenikalia kichwani muda mrefu. Ufundi mwingi tunaupenda kwa alama ya mkono. Mlango wa nakshi wa Zanzibar, anayejua atakwambia ni wa fundi yupi kwa namna ua lilivyogeuzwa. Mkeka, mjuzi anautambua umesukwa na nani. Postidoki anafundishwa kinyume: afanye kazi kwa mkono ule ule, kwa unyoofu ule ule, mpaka mkono wenyewe upotee na asiwepo wa kumtambua. Kuupata mkono wa namna hiyo si chini ya miezi sita, na wako wasioupata kabisa, wenye akili nyingi tu.

Unga nao haununuliwi dukani. Unapikwa, na mapishi yake ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Chumvi za nikeli, manganizi na kobalti huyeyushwa katika maji, kisha hudondoshwa polepole kwenye chombo kinachokorogwa bila kusimama, joto nyuzi 50 au 60, huku upande mwingine ikidondoshwa kostiki soda, hiyohiyo ya watengeneza sabuni, pamoja na amonia. Uchungu wa magadi ndani ya chombo unatakiwa ukae karibu na kipimo cha pH 11, usipande wala usishuke. Kwa saa nyingi, mara nyingi usiku kucha, chembe ndogo zinazaliwa, zinagongana, zinashikamana, zinazunguka na kujiviringa mpaka zinakuwa mipira midogo yenye upana wa sehemu ya mia ya milimita. Amonia ikipungua, chembe zinazaliwa nyingi mno na hazikui. Kasi ya kukoroga ikizidi, zinavunjika. Rangi ikianza kugeuka kahawia, kuna mahali oksijeni imeingia na manganizi imekwisha kuungua. Mpishi huyu hutazama rangi kama mama wa pilau anavyotazama vitunguu: sekunde chache za kuzubaa na sufuria nzima imebadilika.

Kisha kuosha, kuchuja, kukausha, kuchanganya na chumvi ya lithiamu iliyozidishwa kidogo kwa sababu nyingine itapotea kwa moto, na kuingiza kwenye tanuri, nyuzi 700 hadi 900 kutegemea nikeli ni nyingi kiasi gani. Humo tanurini atomi zinajipanga kwa tabaka, kama chapati iliyosukumwa na kukunjwa vizuri: tabaka la metali na oksijeni, tabaka la lithiamu, tena na tena. Betri inapochajiwa na kutumika, lithiamu hutoka na kuingia kati ya tabaka hizo. Tatizo ni kwamba atomi ya nikeli inakaribiana na ya lithiamu kwa ukubwa. Moto ukizidi, nikeli inahamia kwenye chumba cha jirani, inakaa mlangoni, na lithiamu haipiti. Jicho halioni kosa hilo. Unga ni mweusi vilevile. Lakini ukiupiga eksirei, kuna vilele viwili kwenye grafu ambavyo kila mtu wa fani hii huvitazama kwanza. Cha kwanza kikikizidi cha pili kwa uwiano wa 1.2 au zaidi, majirani wamekaa kila mmoja kwake. Kikipungua hapo, unga unatupwa, na wiki mbili zimekwenda nao.

Hapo mpishi wa maabara anaachana na mama wa pilau. Mama hadaiwi maelezo. Mkono wake unajua, na yatosha. Postidoki lazima ageuze mkono wake kuwa maandishi ambayo mtu wa Korea au Ujerumani asiyemjua atayasoma, atayafuata, na kupata unga uleule. Ukisoma taratibu za mtafiti mzuri utaona jinsi alivyojitesa: kasi ya kudondosha kwa mililita kwa dakika, joto la tanuri lilipandishwa nyuzi ngapi kila dakika, lilipozimwa unga uliachwa upoe ndani au ulitolewa. Mambo hayo madogo ndiyo yanayomtenga mkweli na mwenye kubahatisha.

Kuhusu kobalti niseme neno, maana inatugusa. Sehemu kubwa ya kobalti ya dunia hutoka Kongo, kwenye ukanda wa Kolwezi na Likasi, na Kiswahili ndicho lugha ya mashimo yale. Mapishi ya zamani yalitaka nikeli, manganizi na kobalti sawa kwa sawa. Yakaja ya sita kwa mbili kwa mbili, kisha nane kwa moja kwa moja, nikeli ikipanda na kobalti ikishuka, kwa sababu ya bei yake na kwa sababu ya habari za watoto mashimoni. Vitabu vya kemia havitaji Kolwezi, wala Kabanga kule Ngara ambako nikeli yetu imelala ardhini. Lakini anayepunguza kobalti katika sufuria la Lemont anagusa mifuko ya watu wa Kolwezi, ajue asijue.

Kuna mwingine wa bara letu ndani ya hadithi hii, na yeye aliingia kwa mlango huuhuu wa upostidoki. Mwaka 1981 Michael Thackeray, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekuwa akifanya kazi katika baraza la utafiti la CSIR mjini Pretoria, alikwenda Oxford kufanya kazi chini ya John Goodenough. Mwaka mmoja kabla yake, katika maabara hiyohiyo, Goodenough na wenzake Koichi Mizushima, Philip Jones na Philip Wiseman walikuwa wamechapisha kathodi ya kobalti, ile iliyokuja kuendesha simu na kompyuta za mkononi. Thackeray alifika na wazo tofauti. Alitaka kujaribu spineli.

Spineli tunaijua. Ni kito. Wachimbaji wa Mahenge, Ulanga, wanaichimba, na tangu yalipopatikana mawe makubwa mwaka 2007 ile rangi yake ya waridi iliyokolea imelifanya jina la Mahenge litajwe na wauza vito wa Bangkok. Kito hicho ni magnesiamu, alumini na oksijeni. Toa magnesiamu na alumini, weka metali nyingine, acha oksijeni zikae katika mpangilio uleule: wakemia bado watakiita spineli, hata kikiwa unga mweusi usiofaa kuvaliwa na mtu. Mpangilio huo si wa tabaka. Una vijia vinavyokatana pande zote, juu, chini na kando, kama vichochoro vya Mji Mkongwe. Goodenough alikuwa na mashaka; kwa macho ya wengi spineli ilikuwa jengo lililobanana mno kupokea mgeni. Thackeray akaanza na magnetaiti, madini ya chuma yenye sumaku, akaonyesha kwamba lithiamu inaingia kwa joto la kawaida la chumbani. Kisha yeye, Goodenough, Bill David na Peter Bruce wakahamia kwenye manganizi, metali ya bei nafuu, na mwaka 1983 wakachapisha.

Mwaka 1994 Thackeray alihamia Argonne. Huko, pamoja na Christopher Johnson, Khalil Amine na Jaekook Kim, alipata hataza za Marekani zilizotolewa Januari 2004 kwa kathodi ya tabaka yenye manganizi nyingi, na kampuni za magari na za kemikali zikanunua haki ya kuzitumia. Haikuwa kazi yao peke yao. Jeff Dahn kule Kanada na Tsutomu Ohzuku kule Japani walikuwa kwenye njia hiyohiyo. Nayo ina kasoro ambayo watafiti wa Argonne wamehangaika nayo miaka mingi: kadiri betri ile ya manganizi nyingi inavyotumika, volti zake zinashuka kidogo kidogo, kwa kuwa atomi zinahama makao na kujipanga upya kwa mtindo wa spineli. Jengo la tabaka linageuka vichochoro. Thackeray aliingia kwenye betri kwa spineli, na spineli ikamrudia bila kualikwa.

Betri za kuuzwa zina upande wa pili pia, anodi, na hapo, badala ya kile kiduara cha lithiamu, hukaa kinywe. Kinywe chenyewe, kwa sadfa ambayo haijaacha kunifurahisha, kimo kwenye milima hiyohiyo ya Mahenge.

Sasa kuhusu subira yenyewe. Seli ikishafungwa, inaachwa ipumzike saa kadhaa ili elektroliti ienee, kisha inaunganishwa kwenye mashine yenye chaneli nyingi, kila chaneli na seli yake, inachaji na kutoa, inachaji na kutoa. Kinachotazamwa ni hesabu moja ya kawaida kabisa: uliweka kiasi hiki, umerudishiwa kiasi gani? Ukirudishiwa 99.9 kwa mia utafurahi, kama ingekuwa biashara. Katika betri ni msiba. Kwa seli isiyo na akiba ya lithiamu, asilimia 99.9 ikijirudia mara 1,000 inakuachia kama 37 kwa mia tu ya ulichoanza nacho. Ongeza tisa moja, iwe 99.99, na baada ya mara 1,000 utabaki na zaidi ya 90. Betri ya kutupwa na betri ya kuuza gari zimetenganishwa na tarakimu ya nne, na tarakimu hiyo ni ndogo kuliko makosa ya mashine nyingi. Dahn na watu wake wa Chuo Kikuu cha Dalhousie walijenga mashine zao wenyewe za kupima kwa usahihi huo, kwa kuwa za dukani hazikutosha.

Ukitaka kupima tarakimu ya nne, kila kitu kinakuwa adui. Seli huwekwa ndani ya makabati yanayoshikilia nyuzi 30 mchana na usiku. Zikiachwa mezani tu, utaona mawimbi madogo kwenye grafu yanayorudi kila baada ya saa 24, na mtafiti asiye na uzoefu anaweza kuanza kuandika nadharia nzuri sana juu ya mawimbi hayo. Ni kiyoyozi cha jengo, kinachopunguzwa watu wakienda nyumbani.

Ndiyo maana, nikisoma gazetini kwamba imepatikana betri itakayobadilisha dunia, huwa nageuza ukurasa nitafute habari za mpira. Mwaka 2012 Argonne ilikabidhiwa kituo kipya cha utafiti wa betri na dola milioni 120 za miaka mitano, kwa ahadi iliyotamkwa kwa tano tatu: nishati mara tano, gharama moja ya tano, ndani ya miaka mitano. Betri hiyo haikuja ndani ya miaka mitano. Wanasiasa walihitaji hizo tano. Sidhani kama aliyekuwa na mikono ndani ya glavu alizihitaji.

Kuna siku chache katika mwaka ambazo subira hii inageuka mbio. Argonne ina pete ya elektroni yenye mzunguko wa mita 1,104, inayoitwa Advanced Photon Source. Elektroni zinakimbizwa humo karibu na kasi ya mwanga, zaidi ya mizunguko 270,000 kwa sekunde, na kila zinapopindishwa hutoa eksirei kali mno. Ukumbi ni mkubwa kiasi kwamba watu hutembelea baiskeli za matairi matatu kutoka kituo kimoja hadi kingine. Muda wa kutumia miali huombwa kwa maandishi miezi mingi kabla, na ukikubaliwa unapewa siku mbili au tatu. Kila saa ya siku hizo ni yako, na hakuna anayekufidia ukilala.

Kwa hiyo wanagawana zamu. Seli za safari hii zimetobolewa na kuzibwa kwa plastiki ya rangi ya kaharabu, ili miali ipite katikati ya betri wakati betri yenyewe inafanya kazi. Kabla ya kufungua miali, mtu mmoja anaingia kwenye chumba cha risasi, anazunguka kila kona kuhakikisha hakuna aliyebaki, akibonyeza vitufe vya ukaguzi kimoja baada ya kingine, ndipo mlango unafungwa. Hakuna njia ya kuruka hatua hiyo. Mitambo yenyewe haikubali. Kisha wanakaa mbele ya skrini. Kila dakika picha mpya ya fuwele. Saa tisa usiku kilele kimoja kinaanza kusogea kushoto, kwa unene wa unywele: lithiamu inatoka, tabaka zinasukumana, jengo linatanuka. Baadaye, chaji ikikaribia kujaa, kilele kinarudi kulia kwa ghafla, jengo linanywea. Nikifikiria jambo hilo hunishika mshangao: mtu mwenye usingizi, kikombe cha kahawa kimepoa, anatazama betri ikivuta pumzi na kuitoa.

Aprili 2023 pete hiyo ilizimwa na kung'olewa ili ijengwe mpya ndani ya jengo lilelile, kwa mradi wa dola milioni 815, na kwa mwaka mzima hapakuwa na miali. Mradi ulikuwa wa lazima na matokeo ni makubwa. Lakini fikiria mwenye mkataba wa miaka miwili ulioangukia hapo. Ilibidi sampuli zifungwe na kupelekwa kwenye pete nyingine, za New York au California, kupanga foleni upya pamoja na wenye shida kama yao.

Ajira yenyewe nitaipita haraka, maana haina uzuri wa kutazamwa. Mkataba ni mfupi, na anayetoka nje anaishi akihesabu tarehe za viza pamoja na tarehe za seli. Baada ya hapo wachache hubaki maabarani kwa kudumu, wengine huenda vyuoni, wengi viwandani. Argonne ina nafasi ya heshima kwa watafiti wa ngazi hii iliyopewa jina la Maria Goeppert Mayer, na sina hakika kama waliolichagua walikusudia kejeli. Mama huyo alifanya kazi miaka mingi katika vyuo vikuu vya Marekani bila mshahara unaostahili, alifika Argonne mwaka 1946 kwa nusu ya muda, akiwa mgeni katika fizikia ya kiini cha atomi, na mwaka 1963 akapewa Tuzo ya Nobeli kwa fizikia hiyohiyo. Tuzo ya betri ya mwaka 2019 ilikwenda kwa Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino. Kanuni za Nobeli haziruhusu zaidi ya watu watatu. Mizushima, ambaye jina lake ndilo la kwanza kwenye lile andiko la 1980, hakuwamo, wala Jones, wala Wiseman.

Hesabu ya mwisho inayotumiwa sana kupima maisha ya betri ni hii: saa tatu kuchaji, saa tatu kutoa, mizunguko 1,000. Hiyo ni saa 6,000, yaani siku 250. Postidoki aliyebakiza miezi sita kwenye mkataba na bado anafunga seli anajua kwamba hataiona ikimaliza. Anaifunga kwa unyoofu uleule. Anaandika daftarini uzito wa unga kwa miligramu mpaka tarakimu ya pili baada ya nukta, tarehe, namba ya chaneli, jina la aliyepika unga na la aliyefunga seli. Akiondoka, daftari linabaki juu ya meza, na chaneli inaendelea kuhesabu.